Mtaro Usiokuwa Kwenye Ramani

Machi 6

Mvua ya kwanza leo alasiri. Imelowesha vumbi, ikaona imetimiza wajibu, ikaondoka.

Mhariri wa jarida la mawakili amenipa kazi ya masika yote: kila wiki hukumu moja mpya, niieleze, niseme kama imesimama au inayumba, na iwe mezani kwake Ijumaa kabla ya adhuhuri. Niliacha uwakili zamani. Sikufukuzwa wala sikushindwa. Niligundua tu kwamba napenda kusoma hukumu kuliko kuzigombania. Anayesoma hagombani na mtu. Kwa hiyo nakaa chumba cha nyuma, meza moja, dirisha moja, na kesi za watu nisiowajua. Daftari hili ni la yale yasiyoingia kwenye jarida.

Machi 9

Mlinzi alifukuzwa kwa kulala kazini. Mahakama imemrudisha, kwa kuwa mwajiri alimpangia zamu tatu mfululizo. Hukumu imesimama. Nimemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Machi 11

Jirani wa upande wa juu amemaliza kumwaga zege. Alihamia mwaka jana, mkandarasi wa majengo, mtu wa miraba minne na simu mbili. Uwanja wake wote sasa ni wa kijivu kutoka ukutani mpaka getini, na umeinuliwa kwa kifusi hadi kufika gotini kwangu. Mama mdogo alisimama dirishani na kikombe chake, akatazama weee, kisha akasema, "Huyu angepewa bahari angeisakafia." Tangu leo anaitwa Bwana Zege. Mama mdogo amenilea tangu mama yangu alipofariki, na kabla ya kustaafu alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Akikupa jina, limekukaa.

Mtaa wetu umelala kwenye mteremko. Bwana Zege yuko juu. Chini yake moja kwa moja yuko Mama Vifungo, fundi cherehani, mjane, anayeshona sare za shule tangu nikiwa nazivaa. Sisi tuko kando, tunawaona wote wawili.

Machi 15

Mhariri ametuma hukumu ya wiki. Mahakama ya rufaa, majaji watatu. Mtu ameinua kiwanja chake, mvua ikanyesha, maji yakashuka kwenye ghala la jirani wa chini na kuharibu magunia ya simenti. Mahakama ya chini ilimpa jirani fidia. Majaji wawili wameitengua: kiwanja cha chini hupokea maji ya kiwanja cha juu, ndivyo ardhi ilivyo, na kujenga kwako si kosa. Jaji wa tatu ametofautiana nao kwa kurasa kumi na moja za hasira. Ameandika vizuri kuwazidi wenzake, lakini hasira si kanuni.

Nimewaunga mkono wale wawili. Sentensi yangu ya mwisho nimeipenda: "Mwenye kiwanja hana wajibu wa kumbebea jirani yake mvua." Chini nikaweka tanbihi, kwamba majaji hawakugusa habari ya mtaro uliokuwepo kabla, kwa sababu katika kesi ile haukuwepo.

Machi 20

Mvua. Mirathi ya mtu aliyeoa mara tatu na kuandika wosia mara nne.

Machi 21

Gazeti la kila siku limeomba ruhusa kwa mhariri, likauchapa uchambuzi wangu wa maji kwa kifupi. Tanbihi hawakuichapa. Magazeti hayapendi maandishi madogo.

Machi 24

Imenyesha tangu alfajiri hadi saa tano. Maji yalikuwa yakishuka kutoka uwanja wa Bwana Zege kama shuka linalovutwa kitandani, laini, bila kelele, na yakaingia kwa Mama Vifungo kwa mlango wa nyuma. Mama mdogo alivaa ndala zake akaenda kusaidia kuyazoa. Mimi nilikuwa na kazi ya Ijumaa.

Jioni Mama Vifungo alikuja, sketi imelowa hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe umesoma. Niambie, maji haya ni ya nani?"

Nikamweleza hukumu ya majaji watatu, kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo ni ya mvua," akasema.

"Kwa sheria ilivyo sasa, ndiyo."

"Basi nikaishitaki mvua?" Akacheka kidogo, akanishukuru, akaenda zake. Shukrani ile ndiyo iliyonikera. Mama mdogo alikuwa anakamua pindo la gauni lake kwenye beseni, polepole kuliko inavyohitajika.

Machi 30

Siku tatu zilizopita Bwana Zege alipiga hodi. Alikuwa ameshika lile gazeti, amelifunika kwa plastiki.

"Dada, sikujua kwamba nina jirani wa namna hii! Yule mama wa chini amenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamsomea mwenyekiti maneno yako. Kesi ikaisha palepale."

"Yale si maneno ya kesi yenu."

"Maji ni maji, dada."

Alileta machungwa. Mama mdogo aliyaacha mezani wiki—hapana, ni siku tatu, nimeongeza chumvi—hadi yalipoanza kunuka, ndipo akayatupa mbele yangu.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Mama mdogo yuko chini na ndoo.

Aprili 5

Mvua. Mkataba uliofungwa kwa ujumbe wa simu wenye neno moja, "poa". Mahakama imesema "poa" ni kukubali. Mhariri amefurahi, anasema hii wataisoma hata wasio mawakili.

Aprili 9

Asubuhi kavu, ya kwanza kwa muda mrefu. Nimemwona kwa dirisha mama yake Bwana Zege. Sikujua hata kama yupo. Anatembea kwa kiti cha magurudumu, na leo alikuwa anazunguka uwanja mzima peke yake, anasukuma kwa mikono yake, anafika getini, anageuka, anarudi, anacheka kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mwanawe alikuwa ameegemea gari, anamtazama.

Nilipotoka kuanika nguo alinisalimu juu ya ukuta.

"Tulikotoka kulikuwa na tope," akasema. "Masika yote alikuwa anashinda ndani, kama mfungwa. Miaka miwili, dada. Hili zege watu wanalicheka, najua wananiita nani. Lakini hili ndiyo miguu yake."

Nikamwambia sikujua.

"Hukuuliza," akasema, bila ubaya.

Nilimweleza mama mdogo wakati wa chakula. Alitafuna muda mrefu. "Basi miguu ya mama yake," akasema, "inamkanyaga mwenzake."

Aprili 14

Mvua siku nzima. Umeme umekatika. Sikuandika.

Aprili 17

Nitaandika kwa utaratibu uliotokea.

Kama saa nane mchana mvua ilikuwa imepungua. Nilikuwa mezani na hukumu ya dhamana. Nikasikia mlio ambao nilidhani ni lori limemwaga mawe: mmoja, mzito, kisha kimya. Halafu mama mdogo akaita jina la Mama Vifungo lile la ujana wao, ambalo sijawahi kumsikia akilitumia.

Ukuta wa nyuma wa chumba cha kushonea ulikuwa umelala ndani. Maji ya wiki tatu yalikuwa yameula chini. Matofali yamefunika meza ya kukatia na cherehani mbili, na vitambaa vya sare vimetapakaa kwenye matope, buluu na kijani. Mama Vifungo alikuwa amesimama kwenda kuchukua uzi kabatini, na hilo ndilo lililomwokoa. Ukuta haukumpata wote. Ulimpata mkono wa kulia, kuanzia kiwiko.

Alikuwa amekaa chini kwenye maji, ameushika mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. Hakulia. Alikuwa anasema, "Sare za darasa la kwanza, zilikuwa tayari. Zilikuwa tayari kabisa."

Mama mdogo alipiga magoti majini, akamfunga mkono kwa kipande cha kitambaa na rula ya kukatia, na sauti yake ikawa ile ya kazini: "Nitazame mimi. Usiutazame mkono, nitazame mimi."

Tulihitaji gari. Katika mtaa mzima lililokuwapo ni moja. Nilipanda kwa Bwana Zege nikiwa pekupeku, nikagonga, akatoka na sahani mkononi. Hakuniuliza neno. Aliweka sahani chini, akashuka mbio, akambeba Mama Vifungo mikononi mwake, mwanamke mzima, akampandisha juu ya zege lile lile hadi kwenye gari. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kola. Hospitali alikaa nje kwenye benchi mpaka giza likaingia, na mama mdogo alipotoka akampita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Mifupa miwili imevunjika. Daktari anasema mkono utapona, ila kushona, hawezi kusema.

Niliporudi nilikaa mezani. Hukumu ya dhamana ilikuwa bado imefunguliwa. Nimesoma ukurasa mmoja mara nyingi na siwezi kusema inahusu nini.

Aprili 18

Nimetuma ya dhamana. Mhariri ameuliza mbona fupi.

Aprili 26

Mama Vifungo amefungua shauri chini ya hati ya dharura. Anataka maji yazuiwe na ukuta ulipwe. Wakili wake ni dada mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuja nyumbani leo.

"Ukitaka maoni yangu ya kisheria," nikamwambia, "yameshachapwa, na hayatakusaidia."

"Nimeyasoma. Sikuja kwa mchambuzi, nimekuja kwa jirani. Umeishi hapa tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Kabla ya zege, maji ya mvua yalikuwa yanapita wapi?"

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba mchambuzi hapaswi kujiingiza kwenye shauri lililo mbele ya mahakama. Ni jibu zuri, ninalo tayari siku zote. Lakini swali lake lilikuwa la kitoto, na jibu lake nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Yalikuwa yanapita kwenye mtaro. Ulishuka kando ya kiwanja cha juu, ukakata kona nyuma ya Mama Vifungo, ukamwaga kwenye korongo la barabarani. Tulikuwa tunauruka tukienda shule. Bwana Zege aliununua pamoja na kiwanja bila kuuona, umejaa majani, akaufukia kwa kifusi siku ya kwanza.

Na mimi nilikuwa hapa dirishani siku hiyo. Niliona malori yakiufukia. Kwangu zilikuwa kelele tu.

Aprili 27

Nimemwambia mhariri kwamba nitatoa ushahidi. Amesema, "Mwandishi wangu, utaharibu jina. Mchambuzi ni refa. Umewahi kuona refa anapiga penalti?" Nikasema sijawahi. Amesema atanipa mwezi bila hukumu za ardhi.

Mei 2

Mvua. Talaka. Nani achukue mbwa.

Mei 8

Mahakama. Chumba kidogo, feni haizunguki, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na kila mtu amekuja na mwavuli unaochuruzika, kiasi kwamba sakafu ilikuwa na mito midogo. Hakimu ni mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Anaandika kila kitu kwa mkono wake na hapendi kuharakishwa.

Mama Vifungo alitangulia kutoa ushahidi, mama mdogo akafuata, akajibu hata yale ambayo hakuulizwa. Kisha mimi.

Wakili wa Bwana Zege ni kijana mwenye sauti ya redio. Alianza na lile gazeti.

"'Mwenye kiwanja hana wajibu wa kumbebea jirani yake mvua.' Nani aliandika haya?"

"Mimi."

"Ulikuwa na akili timamu?"

"Nilikuwa na Ijumaa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, nami sikukusudia mzaha.

"Bado unayaamini?"

Nilimwona Mama Vifungo kwenye benchi la mbele, mkono kwenye plasta. Ingekuwa rahisi kusema hapana. Naamini nusu ya chumba ilikuwa inaisubiri hiyo hapana.

"Ndiyo. Ndivyo sheria ilivyo."

Mama Vifungo akainamisha kichwa. Mama mdogo akasonya kwa sauti, karani akamtazama.

"Basi huna ugomvi na mteja wangu."

"Sina." Nikaanza kueleza tofauti iliyopo kati ya mvua inayofuata mteremko na maji yaliyokuwa na njia yake, na tanbihi, na aya ya arobaini ya hukumu ile. Hakimu akainua kalamu.

"Shahidi. Sheria niachie mimi, nalipwa kwa ajili hiyo. Wewe niambie maji yalipita wapi."

Nikamwambia. Mtaro ulianzia wapi, ulipita wapi, ulimwaga wapi. Nani alianguka ndani yake na akapata kovu gani. Sikuwa nimesema mambo ya namna hiyo mbele ya watu tangu niwe mtu mzima. Hakuna aya, hakuna jaji wa kumtaja. Ni mimi tu nasema nimeona.

Wakili akafunua ramani ya viwanja. "Mtaro huo uko wapi kwenye ramani hii?"

"Haupo."

"Kwenye hati yoyote ya serikali?"

"Sijauona popote."

"Kwa hiyo, shahidi, mtaro huu uko wapi?"

"Chini ya zege."

Hakimu akaandika. Nilisikia kalamu yake.

Tuliporudi, mama mdogo alikuwa mbele yangu njia nzima. Mlangoni akageuka. "Ungekufa ukisema hapana? Neno moja tu?"

"Ningekuwa nimedanganya chini ya kiapo, mama."

"Wewe na ukweli wako mtaoana," akasema, akaingia ndani.

Mei 14

Hakimu alisema atakuja kujionea mwenyewe. Masika yote mbingu zimekuwa zikimwagika, na leo, siku ya mahakama kutembelea, jua limewaka mpaka zege linang'aa. Mama Vifungo aliangalia juu akasema, "Hata Mungu ana wakili."

Hakimu alizunguka na viatu vyake vya mpira alivyokuja navyo bure. Akatazama huku, akatazama kule. Mwisho akaelekeza kidole kwenye tangi kubwa la maji lililo kwenye kona ya juu ya uwanja.

"Limejaa?"

"Limejaa, mheshimiwa," akasema Bwana Zege.

"Lifungulie."

Wakili wake akamshika mkono wa shati, akamnong'oneza. Bwana Zege akajitoa taratibu, akaenda mwenyewe, akafungua koki yote.

Maji yalitawanyika kwanza, yakasitasita kama mgeni asiyejua kiti chake. Kisha yakajikusanya. Yakashuka pembeni, yakafika kwenye ukingo, yakadondokea moja kwa moja mahali ambapo ukuta ulikuwa. Mama yake Bwana Zege alikuwa barazani kwenye kiti chake, akasema, si kwa nguvu, lakini wote tulisikia:

"Kumbe yanakwenda kwa yule."

Bwana Zege alifunga koki.

Mei 19

Mvua ndogo. Sina la kuandika.

Mei 23

Hukumu. Kurasa sita, zimeandikwa kwa lugha ya kawaida. Hakimu ameamini kwamba mtaro ulikuwepo, kwa maneno ya mashahidi watatu waliokubaliana. Ameamuru Bwana Zege aufungue ndani ya mwezi mmoja. Kuhusu ukuta amekataa: Mama Vifungo aliujenga bila msingi wa maana, na ukuta wenye msingi ungeweza kustahimili.

"Nusu ya haki," akasema Mama Vifungo nje ya mahakama, "ndiyo haki?"

"Ndiyo kawaida yake," nikamjibu.

Alinitazama, kisha akanishika bega kwa mkono wake mzima. Hajanigusa tangu Machi.

Mhariri amepiga simu, ameshasikia. "Niandikie hii! Nani mwingine anaijua kama wewe?" Nimekataa. Shahidi hachambui kesi yake. Amesema mimi ndiye mwandishi pekee anayemfanya ajute kusomea sheria.

Mei 29

Bwana Zege alikuja asubuhi, bila machungwa. Sikumkaribisha ndani, mama mdogo alikuwa jikoni. Tulisimama kibarazani.

"Wakili wangu anataka tukate rufaa," akasema. "Lakini yule atataka nini tena, rufaa ni kazi yake. Nakuuliza wewe. Ulinifunga mahakamani lakini hukunisingizia. Nikikata rufaa, nashinda?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, si kwa sababu sikujua.

"Nadhani unashinda."

Akaegemea nguzo ya kibaraza.

"Mtaro haupo kwenye ramani," nikaendelea. "Upo kwenye vinywa vya wanawake watatu, mmoja ni mdai na wawili ni rafiki zake. Na hukumu ya majaji wale watatu iko upande wako. Hakimu huyu ameipita kwa mlango mdogo sana. Wakubwa wake wanaweza kuufunga."

"Lakini?"

"Hakuna lakini. Umeniuliza sheria."

Alitazama viatu vyake. Akashukuru, akapanda kwake.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya mlango, taulo mkononi. Sijapata kumwona na uso ule. "Mwenzangu anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto," akasema. "Na wewe umemwonyesha adui yake njia."

"Aliuliza, mama. Ningemdanganya?"

"Ungenyamaza! Wewe mtoto, hujui kunyamaza? Kazi yako yote ni ya kukaa kimya dirishani, ulikuwa unaiweza vizuri, leo ndiyo umekosa?"

Nilirudi chumba cha nyuma.

Mei 30

Hatuongei.

Juni 2

Hatuongei. Chakula kinawekwa mezani kwa kishindo.

Juni 5

Mawingu, hakuna mvua. Nadhani masika yamekwisha. Hukumu ya kodi ya majengo. Imesimama, kwa bahati mbaya.

Juni 11

Nimemwona wakili mwenye sauti ya redio akiingia kwa Bwana Zege na faili. Amekaa muda mrefu. Mama Vifungo naye amemwona. Alikuwa mlangoni kwake na cherehani iliyosalia, anafundisha mguu wake kupiga kanyagio na mkono wa kushoto kuongoza kitambaa. Mstari ulikuwa unakwenda upogo. Aliufumua, akaanza tena.

Juni 20

Muda wa kukata rufaa ulikuwa bado haujaisha leo asubuhi. Naandika hivyo kwa sababu ni muhimu.

Niliamshwa na sauti ya mtu anayeniita kwa nje. Bwana Zege alikuwa katikati ya uwanja wake, amevaa nguo za kazi, nyundo kubwa begani, chaki mkononi. Mama yake yupo barazani. Alikuwa ameshachora mstari mrefu mweupe juu ya zege.

"Dada, njoo uone. Ulipita hapa?"

Nikapanda. Nikaangalia. "Karibu. Ulikuwa kulia zaidi."

"Kushoto!" Mama mdogo alikuwa nyuma yangu, na gauni la kulalia na kanga juu. Hilo ndilo neno la kwanza alilonielekezea baada ya wiki tatu. "Kulia kwa wapi? Nilikatia ndala hapa nikikimbia kuzalisha. Kushoto kabisa, karibu na ukuta."

"Mama, ulikuwa unakata kona kabla ya ukuta."

"Nani alikwambia? Ulikuwa na miaka minne!"

Mama Vifungo alipanda polepole kutoka chini, ameushika mkono wake. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Nyote mmekosea," akasema. "Ulikuwa huku katikati, ukakunja mara mbili."

Tukabishana. Ilipita muda kabla sijakumbuka tulipo na mbele ya nani. Mashahidi watatu waliokubaliana, ndivyo hakimu alivyoandika. Hukumu nzima imesimama juu ya sisi kukubaliana. Nikanyamaza ghafla, na wenzangu, mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza pia. Nilimwona Mama Vifungo akielewa.

Bwana Zege alikuwa anatutazama kwa zamu. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka nyundo ikamtetemeka begani.

"Wakili wangu angelipa pesa kusikia haya," akasema.

Hakuna aliyecheka naye. Alijifuta uso kwa kiganja. Akamtazama mama yake kule barazani, kisha Mama Vifungo, na mkono wake.

"Nitaufunika kwa vibao vya zege, magurudumu yapite juu," akamwambia. "Ila lazima nianzie mahali. Mama, nikate wapi?"

Mama Vifungo akavua kiatu kimoja, akatembea mpaka mahali ambapo, naweza kuapa, mtaro haukuwahi kupita, akaweka kisigino chake juu ya zege.

"Hapa."

"Hapa?"

"Hapa. Yakifika hapa, yatajua njia ya korongoni."

Alipoondoa mguu, Bwana Zege alipiga chaki pale, akatupa chaki, akainua nyundo. Lilikuwa zege zuri. Lilichukua asubuhi nzima kupasuka.